Unyayo wa Simu: Boma la Bluu

Tulipoachana, msomaji wangu, Samira alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Kenyamonta, mikono yote miwili juu, na msururu wa pikipiki unamjia kwa kasi. Kila pikipiki ilibeba wanaume wawili au watatu. Wenye panga walishika panga, wenye pinde walishika pinde. Dereva wa mbele alipiga honi mpaka ikakwama. Samira hakusogea.

Wapo mlioniletea ujumbe kuuliza kama nimeshamuua. Tulieni. Kama ni kumtesa, bado nina nafasi.

Pikipiki ya mbele ilikata kona, ikayumba, ikamkosa kwa upana wa kiganja. Za nyuma zikapita kulia na kushoto zikimrushia vumbi machoni. Moja tu ndiyo iliyosimama. Aliyeshuka alikuwa Kamanda Magige, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vile, mtu mnene anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba. Binti Bushiri, umechoka kuishi?"

"Mnakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe mwenyewe uliyetuonyesha?"

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nimtoe gizani haraka. Juzi ng'ombe wa kina Joram wa Kenyamonta waliibwa. Joram akafuata unyayo wao peke yake. Huku kwetu unyayo ni kesi nzima: unapoishia, wenye mji ule ndio wanaobanwa. Waonyeshe unyayo umetokea wapi kwenda mbele, ama walipe wao. Jana jioni Joram alituma lokesheni yake, alama ya mahali alipo, kupitia ukurasa wa mtandaoni alioutengeneza Samira, fundi simu wa Mugumu, binti wa Mzee Bushiri muuza vifaa vya simu. Pamoja na lokesheni aliandika maneno mawili: "Nimeumizwa. Njooni."

Toka hapo, kimya.

Na kwamba Joram na Samira wana ahadi yao ya kuoana, hilo tunalijua mimi na wewe. Mzee Bushiri hajui. Mama yake Joram hajui. Leo si siku ya kuwaambia.

"Kamanda," Samira alisema huku akifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, "nilichowaonyesha sicho mlichokiona."

Magige akachomoa simu yake kwenye koti na kumwonyesha. Ramani haikuwa imefunguka, kwa sababu mtandao wa simu yake ulikuwa hafifu. Kilichoonekana ni karatasi ya kijivu tupu, nukta ya bluu katikati yenye jina la Joram, na duara kubwa la bluu limeizunguka ile nukta.

"Hii nukta ni nani?"

"Ni mahali simu ilipokisia kwamba ipo."

"Ni Joram. Jina lake si hili hapa? Haya. Na hili duara?"

"Hilo duara ndilo ninalotaka kukueleza tangu asubuhi. Hilo duara maana yake..."

"Duara ni boma," alisema Magige.

Samira alitikisa kichwa, lakini Kamanda aliendelea.

"Mimi nimejenga maboma kwa mikono yangu, binti. Boma ni duara. Mtu yuko katikati, boma limemzunguka, hatoki. Sasa boma kubwa kiasi hiki, katika kijiji kizima cha Nyambureti, ni la nani kama si la mzee Werema?"

Ungecheka, msomaji? Samira hakucheka. Alimwona mzee huyu anavyoliamini neno lake, akajua kwamba wanaume wote waliopita na pinde zao wanaliamini vile vile.

"Kamanda, nisikilize kwa jina la Mungu. Duara si boma. Duara ni simu inasema haijui. Haijaipata setilaiti, kwa hiyo imeuliza mnara, na mnara umejibu kwa kukadiria. Joram anaweza kuwa popote humu ndani. Duara hili ni karibu kilomita tano kutoka ukingo mpaka ukingo. Lina vijiji, lina vilima, mpaka mto Mara umo."

"Kilomita tano! Hata Werema hana boma la kilomita tano." Magige akamcheka yeye. "Na kama mashine yako haijui, kwa nini imeweka alama? Asiyejua husema sijui."

Swali hilo lilimchoma Samira kwa sababu lilikuwa la haki. Kwa nini iliweka alama? Kwa sababu yeye mwenyewe aliiambia iweke. Simu ikiulizwa ipo wapi, hutoa kwanza jibu la haraka na bovu. Jibu zuri huja baadaye, ikishaziona setilaiti vizuri, chini ya anga la wazi. Ukurasa wa Samira ulichukua jibu la kwanza ukafunga hesabu. Asubuhi hii, dukani, alikuwa ameubadilisha: sasa unaendelea kuuliza muda wote ukurasa uko mbele na kioo kinawaka. Kioo kikizima, nao unalala. Lakini simu ya Joram ilikuwa haijawaka tangu jana.

"Nipe mpaka adhuhuri," alisema. "Mtu akiigusa ile simu tu, nitajua."

"Aliyeumizwa hasubiri adhuhuri," alisema Magige, akapanda pikipiki yake.

Hapo msimlaumu sana. Alikuwa na haraka ya kumwokoa Joram. Wote walikuwa na haraka hiyo hiyo.

Samira aliwasha pikipiki ya baba yake akawafuata.

* * *

Alipofika kwa Werema, kazi ilikuwa imeshaanza. Ng'ombe walikuwa wametolewa nje ya boma, wanazunguka wakilia. Kihenge cha mahindi kilikuwa kinafuka moshi. Werema mwenyewe alikaa chini karibu na lango, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya ng'ombe, damu inamtoka puani na kuingia kwenye ndevu zake nyeupe.

Werema hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa na mdomo mchafu, na shule ilipoezuliwa na upepo alikataa kuchanga hata bati moja. Ndiyo maana lile duara lilipohitaji mwenyewe, jina lake lilipatikana upesi.

"Tumewakagua wote," kijana mmoja alimwambia Magige. "Hakuna hata mmoja mwenye alama ya kina Joram."

Samira akashusha pumzi. "Mmeona? Hawapo! Mmekosea mji!"

"Amewahamisha," alisema Magige bila kumtazama.

"Mngewakuta mngesema ni mwizi. Hamkuwakuta, ni mwizi vile vile?"

"Ni mwizi mjanja."

Mke wa Werema alikuwa anamwaga maji kwenye kihenge kwa ndoo ndogo ya mtoto. Hakuna aliyemsaidia. Samira alimtazama, akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri kweli, ndiyo maana nalisikitikia mpaka leo.

Pembeni ya nyumba kubwa palikuwa na ghala la Werema, bati juu, bati ubavuni, halina dirisha. Humo ndani setilaiti hazionekani. Simu ya Magige ikiulizwa humo itaokota mnara tu, kama ya Joram ilivyookota. Nukta itaangukia kwingine kabisa. Kamanda ataona kwa macho yake kwamba mtu anaweza kusimama hapa na kuonekana kule.

"Kamanda, jambo moja tu. Ukishaliona, sisemi tena."

"Jambo gani?"

"Ingia humu ghalani, bonyeza linki ya ukurasa wangu. Ikikuomba ruhusa ya lokesheni, kubali. Tuone itakuweka wapi."

Magige alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliingia. Alibonyeza. Vijana wakajazana mlangoni wakizidi kuziba hata ule mwanga mdogo.

Nukta ya pili ikatokea kwenye karatasi ya kijivu, na jina: Magige. Duara likaizunguka.

"Haya, Kamanda. Wewe uko hapa, ndani ya ghala. Na nukta yako iko..."

Samira akaishia hapo. Nukta yake ilikuwa wapi? Hapakuwa na kilima kwenye ile karatasi, hapakuwa na barabara, hapakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba imekosea. Kulikuwa na nukta mbili tu, na zilikuwa zimekaliana. Mnara mmoja huwajibu wote jibu moja. Kwa Joram ulijibu vile jana, na kwa Magige umejibu vile vile leo. Samira alilijua hilo tangu siku ya kwanza aliyojifunza kazi hii, na hakulikumbuka mpaka lilipomtokea mbele ya macho.

Magige aliitazama simu yake kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje ameinyanyua juu.

"Jamani! Nimeingia ndani kwa Werema, nimesimama ndani ya ghala la Werema, na mashine imeniweka pale pale ilipomweka Joram. Nukta juu ya nukta! Boma ni hili, hakuna jingine!"

Watu walilipuka kwa kelele.

"Siyo hivyo!" Samira alipiga ukelele. "Ingekuweka hapo hata ungekuwa kwako! Hata ungekuwa sokoni!"

Nani amsikie? Alishika mkono wa mmoja, akasukumwa. Alimshika mwingine, akaambiwa, "Dada, umeshatusaidia, kaa pembeni." Alisema kweli yule. Ameshawasaidia. Angekaa Mugumu na kurekebisha vioo vya simu maisha yake yote, Werema angekuwa anakunywa uji wake saa hizi.

Magige akachuchumaa mbele ya mzee. "Joram yuko wapi?"

"Joram simjui," alisema Werema. "Namjua marehemu baba yake. Wewe Magige nakujua, na mama yako namjua, na angejua unachokifanya leo angekukataa."

Hata kifo kilichomkaribia hakikumfunza kunyamaza. Fimbo ya kwanza ikampata begani, na ya pili hapo hapo.

Samira alifumba macho. Ndipo simu iliyokuwa mkononi mwake ikatetemeka.

* * *

Alidhani ni baba yake anampigia. Akatazama.

Joram. Mita kumi na nane.

Alisoma mara mbili: simu inakisia kukosea kwa mita kumi na nane tu. Halafu akapita katikati ya wanaume wale kwa viwiko, akaisukuma simu usoni kwa Magige. "Tazama! Tazama, Kamanda!"

Kwenye simu ya Samira ramani ilikuwa imefunguka yote: mto juu, njia ya ng'ombe inashuka, vilima, nyumba moja moja. Na lile duara kubwa halikuwepo. Badala yake palikuwa na kiduara kidogo kama punje ya mtama, kwenye ile njia inayotoka mtoni.

"Boma limekwenda wapi?" Magige aliuliza.

"Limekwisha, Kamanda! Sasa simu inajua! Iko nje, chini ya anga, imeziona setilaiti. Yuko kwenye njia ya mtoni. Siyo hapa!"

Kiduara kikasogea. Kikasogea tena.

"Kinatembea," kijana mmoja alisema polepole.

"Anatembea!" Samira akasema, na sauti yake ikapasuka. "Anatembea kwa miguu yake! Joram wangu anakuja!"

Watu walilisikia lile neno "wangu". Wengine walitazamana. Yeye wala hakugundua amelisema.

Magige alivua kofia, akapangusa uso. Kisha, bila kumwomba mtu, akachukua kisu akakata kamba za Werema kwa mkono wake mwenyewe. "Mzimieni kihenge," aliamuru, na wale wale waliokiwasha wakakimbilia ndoo. Mke wa Werema alikaa chini akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia.

Mnaona jinsi mambo yalivyo mepesi namba ikiwa ndogo? Kwa duara la mita elfu mbili na mia nne kutoka katikati mzee alikuwa anauawa. Kwa mita kumi na nane analetewa maji ya kunywa.

Nukta ilikuwa ikitembea, inakatika, inatokea tena mbele kidogo. Samira alielewa: kioo kinazima, mtu anakiwasha. Kinazima, anakiwasha. Ila kwa nini hapigi? Alimtetea haraka moyoni mwake. Hana salio. Mkono umevunjika. Anaogopa kusikika. Kila sababu aliyoipata aliikubali, kwa kuwa hakuitaka ile nyingine.

"Kashuka kilima," alitangaza. Wanaume walimzunguka sasa, wapole kabisa, wanachungulia juu ya bega lake. "Kavuka kijito... Kaja upande wetu."

"Anakuja kwetu?"

"Mita kumi na mbili. Yupo hapa. Yupo langoni!"

Wakakimbilia lango.

Waliokuwa wanaingia ni wanawake. Walikuja kundi, wamefunga khanga viunoni, wamebeba maji kwa ajili ya wanaume wao. Mbele yao alikuwa Mama Joram, Wegesa kwa jina lake, miguu ina matope mpaka magotini. Nyuma yao palikuwa na njia tupu.

Samira alitazama ile njia mpaka mwisho wake. Akatazama simu. Nukta ilikuwa imesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwona?"

"Mama, umeongozana na nani?"

"Na wenzangu hawa. Mmemwona mwanangu?"

Samira alibonyeza jina la Joram akapiga.

Ndama akalia. Joram ndivyo alivyoiweka simu yake, kwa utani wake, iwe inalia kama ndama aliyepotezana na mama yake. Ng'ombe wa Werema waliinua vichwa. Mlio ulikuwa unatoka ndani ya khanga ya Mama Joram.

Mama akaingiza mkono kifuani, akaitoa ile simu. Ilikuwa na ufa kwenye kioo na tope kavu pembeni. Alichora mchoro wa kuifungua kwa kidole kimoja, taratibu, kama mwanawe alivyomfundisha ili awe anasikiliza kwaya. Ukurasa wa Samira ukatokea, picha ya Joram juu, na chini yake maneno ambayo Samira aliyaandika kwa mkono wake asubuhi hiyo dukani: "Usifunge ukurasa huu. Tunakutafuta, Joram."

"Sikuufunga," alisema Mama Joram. "Ikizimika naiwasha. Ikizimika naiwasha. Toka nilipoishika sijaiacha ilale. Imeandika wanamtafuta." Alimtazama Samira kwa macho ya matumaini yasiyotazamika. "Wamempata?"

Samira alishika nguzo ya lango.

"Mama... ukurasa hauwezi kumtafuta mtu. Unaitafuta simu."

"Jina lake limeandikwa hapa."

"Jina nimeliandika mimi, mama."

"Na hii picha yake?"

"Nimeiweka mimi."

Mama Joram aliigeuza simu akatazama mgongo wake, kana kwamba mwanawe angeweza kuwa upande ule. Alikuwa ametembea asubuhi nzima akimtafuta Joram, na alichokuwa anakitafuta amekibeba mwenyewe. Ile nukta iliyoshuka kilima ilikuwa yeye. Iliyovuka kijito ilikuwa yeye. Joram hakutembea hata hatua moja.

Samira alilia, na hakujali tena nani anamwona.

* * *

Wa kwanza kupata akili alikuwa Magige.

"Mama Joram. Simu umeiokota wapi?"

Mama Joram aliirudisha simu kifuani.

Msomaji wa mbali anaweza kuona ni swali dogo. Hapa si dogo. Kitu kilichodondoshwa na mtu aliyefuata ng'ombe ni unyayo. Kilipookotwa ndipo unyayo umefia, na wenye mji huo wana la kujibu. Watu walishajaa hasira tangu asubuhi, na hasira yao ilikuwa bado haijapata mwenyewe.

"Imeokotwa kwa nani?" Magige akarudia. "Tuambie, twende tukamchukue mwanao."

Mama Joram akamvuta Samira kifuani, wakalia pamoja, na wanawake wakaanza kulia nao. Katikati ya kilio hicho midomo yake ikagusa sikio la Samira.

"Kwa kaka yangu," alinong'ona. "Kwa Nelson, kwenye korongo nyuma ya zizi lake. Kuna damu. Majani yamelala kuelekea mtoni, kama kitu kimeburutwa. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Nelson hajui kitu, naapa, lakini hawa hawatauliza. Watamchoma na watoto wake. Nilisema niifiche simu, ukurasa utampata mwanangu wenyewe. Si uliandika mnamtafuta?"

Kabla Samira hajajibu, alimwachia, akanyoosha kidole.

"Hapa!" alipaza sauti. "Nimeiokota hapa hapa, kwenye lango la Werema!"

Moto wa kelele ukawaka upya. Werema, ambaye kamba zilikuwa bado zimelala miguuni pake, alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa.

"Mwongo!" mke wake alipiga ukelele. "Mwongo wewe, sasa hivi umeingia!"

Fimbo zikainuliwa. Lakini Magige alinyoosha mkono. Mtu huyu, nimeshasema, alikuwa wa haki kwa namna yake, na leo haki yake ilikuwa mbaya kuliko ujinga wake.

"Ngojeni. Mashine ilituonyesha simu ikitembea kutoka mtoni. Tumeona wote." Akamgeukia Samira. "Binti Bushiri, umekuwa ukipiga kelele kwamba mashine yako unaijua wewe peke yako. Haya, tumekubali. Simu hii imeokotwa hapa, au imetoka mahali pengine? Sema mahali penyewe, tutakwenda."

Samira aliitazama simu yake. Vinukta vya asubuhi vilikuwa vimejipanga kwenye ramani, kimoja nyuma ya kingine, mita kumi na mbili, mita kumi na nane, njia nzima ya Mama Joram. Cha kwanza kabisa kilikuwa karibu na mto, jirani na nyumba ya bati iliyo peke yake, ya Nelson. Safari hii hakukuwa na duara la kumficha mtu. Kila kitu kilikuwa wazi.

Akisema hapa, Werema atakufa, na hakuna atakayekwenda korongoni. Akisema kule, watakwenda wote, na watamwona Joram, mzima au maiti, baada ya kumchoma Nelson na wanawe. Aende peke yake? Lile korongo linashuka mpaka mtoni, limefunga miiba. Kulipekua kunataka wanaume hawa wote. Na wanaume hawa hawaendi popote bila kiberiti.

Mama Joram alikuwa amemshika kifundo cha mkono, kucha zimezama kwenye ngozi. Werema alimtazama kutoka chini, na kwa mara ya kwanza mdomo wake haukuwa na neno.

"Sema, binti," Magige alimwambia kwa upole. "Joram yuko wapi?"

Vijana wakashusha fimbo. Wanawake wakanyamaza. Tangu asubuhi Samira alikuwa anawaomba wamsikilize, na sasa wote walikuwa wanamsikiliza.